Stoyanka na Mapera ya Wete

Kila Jumatano asubuhi hapa Ibra, Oman, kuna soko la wanawake watupu. Muuzaji mwanamke, mnunuzi mwanamke, hata paka wanaozunguka pale ni majike. Niliwahi kumwona mwanamume mmoja kapotea njia akaingia. Alipogundua alipo alitimua mbio hakusimama mpaka Sur, na kiatu chake kimoja kiko nyumbani kwangu mpaka leo, nakizuilia mlango.

Sokoni humo, kando ya wauza ubani, ndipo anapokaa Yanka na kofia zake. Kofia moja humchukua mwezi na siku zake. Hutoboa kitundu kwa sindano, akakizungushia uzi, akaenda kwenye kitundu kingine, mpaka kofia nzima ikawa maua na nyota. Wanaume wa Nizwa na Izki, kwa kuwa hawaruhusiwi kuingia, huwatuma wake zao na kipande cha uzi kilichopimwa kichwani. Mimi hukaa nyuma yake kwenye kiti changu cha plastiki. Yeye anashona, mimi nasema. Mgawo huo umetufaa miaka mingi, kwa sababu yeye ni mtu wa maneno machache na mimi, nikinyamaza, watu huniuliza kama naumwa.

Yanka ni mtoto wa marehemu Thuraya, dada yangu kwa upande wa ami. Kwa hivyo mimi ni mama yake mdogo, na ndivyo anavyoniita. Amezaliwa Wete, Pemba, akaja Oman na wazee wake ana miaka minne, mimi nikiwa nimeandamana nao. Alipofika miaka sita mama yake akafariki, nikamlea mimi. Akaolewa na dereva wa gari la maji, mtu mwema, akipeleka maji mpaka Al Kamil na kurudi, naye Mwenyezi Mungu kamchukua. Walikuwa wamepata mtoto mmoja tu, Basma, ambaye sasa ni mfamasia na ana mume, Azzan.

Hayo ni maisha ya watu wote. Kisichokuwa cha watu wote ni jina. Yanka ni kifupisho tu. Kwenye kitambulisho chake kumeandikwa Stoyanka bint Hamdun, na kila karani anayekishika hukitazama, akamtazama yeye, akakigeuza nyuma kana kwamba jina la kweli limeandikwa huko. Skuli watoto walimwita Mrusi. Mwalimu mmoja alikataa kabisa kulitamka, akawa anamwita “wewe wa dirishani”, na hata alipomhamisha akae ukutani aliendelea kumwita vivyo hivyo.

Tangu mdogo alikuwa akiniuliza, “Mama Mdogo, jina langu limetoka wapi?”

Na mimi nikimjibu. Kosa langu si kwamba sikumjibu. Mara ya kwanza nilimwambia Stoyanka alikuwa malkia aliyepanda ng'ombe badala ya farasi, na ng'ombe huyo alikuwa akitoa maziwa ya zafarani. Mara ya pili nikamwambia baba yake alivua nguru mwenye herufi ubavuni, akazisoma, akarudi nyumbani akakuta mtoto kazaliwa. Mara nyingine ilikuwa jina la mafuta mazuri ya nywele. Nyingine la nyota inayoonekana Pemba tu, tena kwa mwenye jicho moja. Alipokuwa mtoto alicheka. Alipokuwa msichana akatabasamu. Alipokuwa mtu mzima akaacha kuuliza, nami nikafikiri yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Alikuwa amejipa jibu lake mwenyewe.

Lilitoka siku moja jikoni kwake, mwaka jana. Yanka anakoroga uji wa ngano, Basma kaegemea friji na tumbo lake la miezi saba. Mimba mbili za Basma zilikuwa zimetoka kabla ya hiyo, moja miezi minne, moja miezi mitano, kwa hivyo tulikuwa tukilitazama tumbo lile kama mtu anayetazama sinia la vikombe juu ya kichwa cha mtoto.

“Mama,” Basma akasema, “daktari kasema wa kike. Mimi na Azzan tumekubaliana. Tunampa jina lako.”

Mwiko ukasimama sufuriani.

“Hapana.”

“Mama, ni heshima.”

“Nimesema hapana, Basma. Mpeni la bibi yenu, mpeni la jirani, mpeni la mtu yeyote. Langu liacheni.”

“Lakini kwa nini?”

Yanka akazima jiko. Akasema taratibu, kama anayehesabu vitundu. “Mtoto anayetakiwa hupewa jina la bibi yake, au la shangazi, au sheikh anamtafutia. Mimi nilipewa jina ambalo hapana mtu katika ukoo wetu aliyewahi kuitwa, wala anayejua maana yake. Mama yangu hakunitafutia jina. Alichukua la kwanza lililopita. Nimelibeba miaka hamsini na mbili, sitambebesha mwanao.”

Nikafungua mdomo. Nikaufunga. Basma aliniambia baadaye kwamba hapo ndipo alipoogopa kweli.

“Tena,” Yanka akaendelea, “mtoto hajazaliwa nitakuwa nimeshalibadilisha. Nimeuliza ofisi ya vitambulisho. Nitaitwa Tahani. Wanataka mtu mzima aliyekuwapo nilipozaliwa, aje ashuhudie.” Akanigeukia. “Amebaki mmoja.”

Jumapili tukaenda. Basma anaendesha, Yanka mbele na mkoba wake mapajani, mimi nyuma. Kutoka nyumbani mpaka ofisini ni mwendo wa kikombe kimoja cha kahawa, lakini siku ile niliona tumezunguka Oman yote mara mbili, na njiani milima ilikuwa ikiinama kunichungulia.

Karani alikuwa kijana, Nadhir, kanzu yake ya dishdasha imepigwa pasi mpaka inakata. Aliposikia lafudhi zetu akatoka kwenye Kiarabu akaingia Kiswahili. “Shikamoo, bibi. Bibi yangu naye wa Unguja.”

“Marahaba, mwanangu. Basi hatuna haja ya kudanganyana,” nikasema. Yanka akakohoa.

Nadhir akaandika, akagonga muhuri, akaandika tena. Kisha akaniuliza: “Bibi, unashuhudia kwamba mama huyu alizaliwa Wete akaitwa Stoyanka?”

“Nashuhudia.”

“Aliyempa jina hilo ni nani, na kwa sababu gani? Pana mstari hapa, lazima niujaze.”

Ningeweza kumpa ng'ombe wa zafarani. Alikuwapo tayari ulimini mwangu, ameshatandikwa. Lakini Yanka alikuwa ameshika kalamu akingojea kutia saini, na alivyoishika, kidole cha pili juu ya cha kwanza, ndivyo Thuraya alivyokuwa akishika sindano. Na Thuraya, kabla hajafa, aliniambia neno moja tu kuhusu mtoto huyu: “Akiwa mtu mzima, umweleze.” Mtoto huyo sasa anakaribia kuwa bibi na mimi bado nangojea awe mtu mzima.

“Weka kalamu chini, Nadhir,” nikasema. “Mstari huo mfupi, haunitoshi.”

Nikamweleza, na haya ndiyo niliyomweleza.

Thuraya alizaa watoto watatu kabla ya Yanka. Hapana aliyefikisha siku arubaini. Alipopata mimba ya nne, wakongwe wa kwetu wakasema huyu hatutampokea kama mtoto. Kwetu ilikuwa hivi, masheikh watusamehe: mtoto wa namna hiyo, siku ya saba, hutolewa nje akawekwa jaani, penye takataka, juu ya ungo. Mama yake husema kwa sauti kwamba hamtaki. Mtu wa kwanza kupita ndiye anayemwokota, akampa jina, kisha anamrudisha kwa mama kama mtoto wa kuokota, si wa kuzaliwa. Ili kinachowafuata watoto wa nyumba ile kimwone, kiseme, aa, huyu si wao, kiende zake.

Bila shaka huachi mambo hayo yaende ovyo. Anayepita hupangwa. Alipangwa Bi Mwanabaraka, jirani, na jina alikuwa nalo tayari: Sikitu. Nami nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nikapewa kazi moja tu, moja, mtoto wa mbuzi angeiweza: kusimama pembe ya njia na kuzuia mtu mwingine asipite mpaka Bi Mwanabaraka aje.

“Ukaondoka,” Yanka akasema. Hakuwa akiuliza.

“Kulikuwa na mapera, mwanangu.”

Ng'ambo ya njia ilikuwa nyumba ya wauguzi wa kigeni, na nyuma ya ua wake mpera. Mapera yale, wallahi, yalikuwa makubwa kama kichwa cha huyu karani, na yakiiva yalikuwa yakiita watu kwa majina. Bi Mwanabaraka alichelewa. Nikapanda. Tawi likakatika, nikaanguka na mapera yangu, na mlango wa nyumba ukafunguliwa. Akatoka muuguzi wa Kibulgaria, mwanamke mrefu mpaka kunguru walikuwa wakimkwepa. Akapiga kelele. Mimi nikakimbilia shambani. Yeye akatoka nje ya ua kumtafuta mwizi wa mapera, akafika jaani, akamkuta mtoto juu ya ungo.

Mimi nilikuwa nimejificha kwenye mihogo, naona yote. Thuraya alikuwa amesimama mlangoni mwa nyumba, kanga kaiuma kwa meno. Alipomwona mgeni badala ya Bi Mwanabaraka alitikisika, lakini mila ni mila, na wa kwanza kupita alikuwa huyo. Akasema kwa sauti kama alivyofundishwa: “Takataka hiyo! Anayeitaka achukue, mimi siitaki!” Akaiuma tena kanga. Niliiona kanga ile jioni. Pindo lilikuwa limetoboka.

Sasa, mgeni mwingine angeita polisi. Huyu alisimama. Akamtazama mama, akamtazama mtoto, akatazama ungo. Halafu uso wake ukabadilika, akaanza kulia na kucheka pamoja. Kiswahili chake kilikuwa cha hospitali, cha vuta pumzi na toa ulimi. Akasema, “Mimi pia! Mimi pia, njiani! Mama yangu kuweka njiani, ndugu wawili kufa, mtu kupita, kuchukua mimi!” Akajipiga kifua. “Stoyanka! Mimi Stoyanka!”

Akaelezea kwa mikono. Kwao, jina hilo hupewa mtoto ambaye wenziwe hawakukaa. Alisimama wima, akakanyaga chini kwa miguu miwili, pu, pu, akakataa kusogea. Maana yake ndiyo hiyo. Simama. Kaa hapa. Usiende. Akamwinua mtoto akampa jina lake mwenyewe, akamfanya somo yake. Alikuwa na uzi mkononi, mwekundu na mweupe umesokotwa pamoja, kwa kuwa ulikuwa mwezi wa Machi na kwao Machi huvaa hivyo mpaka waone mti wa kwanza umechanua. Akaufungua akaufunga kwenye mkono wa mtoto. Akamrudisha kwa Thuraya. Thuraya alimshika mtoto yule, Yanka, hakumweka chini siku tatu. Alikuwa akipika kwa mkono mmoja.

Nilipomaliza, mtu aliyekuwa kwenye foleni nyuma yetu alikuwa amesahau namba yake.

Yanka akasema, “Hii ni hadithi ya ngapi, Mama Mdogo?”

“Sikuhesabu.”

“Ya nguru ilikuwa nzuri pia.”

Hapo ndipo nilipojua adhabu yangu. Nimesema kweli mara moja katika maisha yangu na haina tofauti na nguru.

“Mkebe wako,” nikamwambia. “Unao?”

Anao daima. Mkebe wa biskuti wa mama yake, anawekea sindano. Akautoa mkobani. Nikamwambia atazame chini kabisa, chini ya karatasi. Akainua sindano, vifungo, nyuzi za kofia, akainua karatasi. Kulikuwa na kipande cha uzi kilichosokotwa, rangi zimefifia, moja kama kutu na moja kama meno ya mzee. Kwa miaka yote alijua kipo. Alikuwa akifikiri ni masalio ya ushoni, na mimi niliwahi kumwambia ni hatamu ya yule ng'ombe.

Akauzungusha kidoleni. Ulikuwa na fundo, na duara lake lilikuwa dogo, la mkono wa mtoto wa siku saba.

Basma alikuwa ameshatoa simu. Akaandika, akasoma. “Mama. Stoyanka. Jina la Kibulgaria, la kike. Linatokana na neno la kusimama, kubaki. Wazazi humpa mtoto ili aishi.” Akaiweka simu juu ya meza na kiganja chake kikaenda tumboni.

“Niendelee, mama?” Nadhir akauliza taratibu. “Tahani?”

Yanka akaikunja ile fomu, mara moja, mara mbili, akaitia ndani ya mkebe juu ya uzi, akafunga kifuniko.

“Leo hapana,” akasema. “Ahsante, mwanangu. Msalimie bibi yako.”

Nilidhani tutatoka pale tumekumbatiana. Garini hakunigeukia. Tulipofika akashuka, akashika mlango, akasema bila kunitazama, “Miaka hamsini na mbili nimelala nikijua mama yangu hakunitaka. Ungeweza kunieleza siku yoyote. Mapera, Mama Mdogo!” Akaingia ndani.

Jumatano iliyofuata hakunipitia. Wala Jumatano ya pili. Kiti changu kilikaa barazani. Watu walinipigia simu kuniuliza nimekufa lini. Huwaida, yule wa kuuza ubani, aliniambia kwamba mteja kutoka Sur alimwuliza Yanka jina lake, naye akasema, “Stoyanka,” jina zima. Lakini mimi sikuwapo kulisikia, na hayo ndiyo niliyostahili.

Mtoto akazaliwa baada ya miezi miwili. Mzima, mnene, ana sauti ya kuuza samaki. Nilimwona hospitali, nikambusu, Yanka akanipa kahawa na tende kama anavyompa mgeni.

Siku ya sita simu ikalia.

“Mama Mdogo. Kesho asubuhi uje, saa tatu. Nina kazi yako.”

Nilikwenda saa mbili. Azzan alikuwa uani na uso wa mtu aliyeshindwa kesi. “Bibi, mwambie mama. Haya mambo ya kizee. Akika imeshapangwa, sheikh anakuja adhuhuri, kwenye karatasi ataitwa Thuraya na sote tumekubali. Sasa wanataka kumweka mwanangu kwenye pipa la taka la baladia!”

“Si kwenye pipa,” Yanka akasema akitokea na ungo. “Kando ya pipa. Dakika moja. Kwenye karatasi ni Thuraya, sikatai, ni jina la mama yangu. Mimi namtafutia la mlangoni, la kumzuia asiondoke.”

Hapa Ibra hapana majaa, kuna mapipa ya kijani ya baladia, yaani manispaa, yenye magurudumu. La kwao lilikuwa limeoshwa kwa sabuni na kufukizwa udi. Nadhani ndilo pipa pekee la baladia lililowahi kunukia hivyo. Ungo ukatandikwa kanga mbili na shali ya Azzan mwenyewe, mtoto akalazwa. Basma akasimama mlangoni. Yanka akanijia karibu, mara ya kwanza tangu ile Jumapili akanitazama machoni.

“Mimi nitazunguka nyuma, nitokee kule. Wewe simama hapa pembeni. Asipite mtu. Mtu yeyote, Mama Mdogo.”

“Sitaondoka.”

“Hapana mapera mtaa huu. Nimeangalia.”

Akaenda. Nikasimama. Magoti yalikuwa yakiniuma na jua lilikuwa limeanza kuuma pia, nikasimama. Nyuma yangu nikamsikia Basma akijaribu kusema maneno yake na sauti ikikataa. “Taka... Takataka hiyo...” Akalia. Akaanza tena.

Na hapo hapo nikamwona Fawziya, mama yake Azzan, anakuja njia nzima na sahani ya halua, amejipamba, miguu yake inatazama moja kwa moja penye ungo. Yeye ni wa Izki, hakuambiwa kitu, kwa kuwa Azzan aliogopa. Na ana mwendo, mwanamke yule. Hatua kumi hivi zilibaki.

“Fawziya!” nikaita. “Simama! Usije huku, nakuomba!”

“Kuna nini?”

“Ngamia! Katoroka kwenye gari, yuko mlangoni pale nyuma ya kona. Ana meno manne ya dhahabu na amekwisha kula sinia mbili za halua!”

Akasimama. Akaikumbatia sahani. “Ya dhahabu?”

“Ya mwenye kumfuga, sheikh mmoja tajiri. Alimtilia mwenyewe. Pita upande wa mfereji wa falaj, mama, upesi, ingia kwa mlango wa uani, anasikia harufu ya zafarani toka mbali!”

Akageuka. Wallahi alikimbia.

Nilipogeuka mimi, Yanka alikuwa ameshatokea upande wa pili. Alitembea kama mtu anayepita tu, mkoba begani, akitazama mbele. Akafika penye pipa. Akasimama. Basma akavuta pumzi, akasema kwa sauti iliyosikika mtaa mzima, “Takataka hiyo! Anayeitaka achukue, mimi siitaki!” kisha akauma pindo la mtandio wake.

Yanka aliinama akamwokota. Akatia mkono kwenye mkebe akatoa uzi mpya, mwekundu na mweupe, aliousokota mwenyewe kwa nyuzi za kofia, akaufunga kwenye mkono wa mtoto. Akakanyaga chini kwa miguu miwili, pu, pu.

“Stoyanka,” akamwambia. “Somo yangu. Kaa.”

Kisha akatazama pembeni, akaniona bado nipo.

“Jumatano,” akasema, “uchukue kiti chako.”

Ndani, Fawziya alikuwa akiuliza kila mtu huyo ngamia ameelekea wapi.